Mashabiki wa Boston Walikuwa na Haki ya Kukasirika

Leo nataka tuzungumze kuhusu hasira ya shabiki, hasa ile inayompata anapomwona kocha wa timu yake akishikilia uamuzi mmoja mechi baada ya mechi huku timu ikizama. Mfano wangu unatoka mbali kidogo, kwenye hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, katika mchujo wa Aprili 2023 kati ya Boston Bruins na Florida Panthers. Nimeuchagua kwa sababu maamuzi ya kocha yalionekana wazi, na utetezi wake pia una mashiko, kwa hiyo tunaweza kuyapima kwa haki. Msimamo wangu nautoa mapema: mashabiki wa Boston walikuwa na haki ya kukasirika. Hasira yenyewe, hata hivyo, ina mipaka, na nitaifikia.

Kwanza tuuelewe mchezo. Hoki ya barafu si ngeni kabisa kwetu. Nairobi kuna timu ya Kenya Ice Lions, vijana waliojifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na mwaka 2018 walisafiri hadi Kanada wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa wa mchezo huo. Timu huwa na watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanateleza kwa viatu vyenye vyuma vikali chini, wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu, na mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20.

Jambo la kulishika ni hili: kuteleza kwa kasi ile kunachosha vibaya sana. Mchezaji hukaa barafuni chini ya dakika moja, akatoka, mwenzake akaruka ukingo na kuingia, na mara nyingi hakuna filimbi inayopigwa. Hakuna kikomo cha mabadiliko kama kilivyo kwenye soka. Kocha ana safu nne za washambuliaji na jozi tatu za mabeki, na kila baada ya sekunde 40 au 50 anaamua nani aingie. Mchezo unaposimama, timu ya nyumbani ndiyo yenye haki ya kubadilisha wachezaji mwisho, yaani kocha wake anaona kwanza mpinzani ameingiza nani ndipo amchague wa kumkabili. Kwa hiyo mkono wa kocha wa hoki unaonekana mechi nzima. Shabiki aliyeko jukwaani anaona, anahesabu, na anakumbuka.

Halafu kuna mchujo wenyewe. Timu 16 huingia, zikapambanishwa mbili mbili, na kila pambano ni mfululizo wa mechi zisizozidi saba. Anayetangulia kushinda nne anasonga mbele. Ili kulibeba Kombe la Stanley lazima upite raundi nne, yaani ushinde mechi 16. Mfululizo huo humpa kocha kitu ambacho fainali ya mechi moja haimpi, nacho ni nafasi ya kurekebisha. Ukikosea Jumatano, Ijumaa unaweza kusahihisha. Ndiyo maana mashabiki wa hoki hawana subira na kocha asiyerekebisha.

Sasa twende Boston. Msimu wa 2022 hadi 2023, Bruins walicheza mechi 82 za kawaida wakashinda 65 na kukusanya pointi 135. Hakuna timu iliyowahi kufikia idadi hizo katika historia ya ligi hiyo ya NHL. Kocha Jim Montgomery alikuwa katika mwaka wake wa kwanza klabuni hapo, na baadaye alipewa Tuzo ya Jack Adams, ya kocha bora wa msimu. Nguzo moja ya mafanikio hayo ilikuwa makipa wawili. Linus Ullmark, raia wa Uswidi, alicheza mechi 49. Jeremy Swayman, kijana wa Alaska, alicheza 37, nyingine akiingia katikati ya mechi. Walipokezana msimu mzima, na kila waliposhinda walikutana barafuni na kukumbatiana mbele ya mashabiki, miili yao minene kwa vile vifaa vya kinga. Watu wa Boston walikuwa wakisubiri kumbatio lile kabla ya kwenda nyumbani. Wote wawili walipewa kwa pamoja Tuzo ya Jennings, inayokwenda kwa makipa wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi. Ullmark aliongeza na ya Vezina, ya kipa bora wa ligi.

Florida Panthers waliingia mchujo kwa kuponea chupuchupu, wakiwa na pointi 92. Tofauti kati yao na Boston ilikuwa pointi 43. Hakuna aliyedhani kungekuwa na mjadala.

Manung'uniko yalianza hata kabla ya mchujo. Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Aprili 13, Boston walicheza Montreal. Rekodi ya ushindi ilikuwa imeshavunjwa, rekodi ya pointi ilikuwa imeshavunjwa, na nafasi ya kwanza ilikuwa yao. Mechi ile haikuwa na la kuwaongezea. Hata hivyo nahodha wao Patrice Bergeron, mwenye miaka 37, aliingia barafuni, na humo humo akaumia mgongo. Alizikosa mechi nne za kwanza za mchujo. Mashabiki waliuliza swali jepesi: mchezaji wa umri huo, mwenye umuhimu huo, alikuwa anatafuta nini kwenye mechi isiyo na faida? Swali hilo nami naliona ni la haki.

Pambano lilipoanza, Boston walishinda mechi ya kwanza 3-1, wakapoteza ya pili 6-3, kisha wakashinda mbili ugenini, 4-2 na 6-2. Wakawa wanaongoza tatu kwa moja, na wakahitaji ushindi mmoja tu. Katika mechi zote hizo nne aliyeanza langoni alikuwa Ullmark. Ule utaratibu wa kupokezana, uliowabeba kwa miezi sita, uliwekwa kando siku mchujo ulipoanza. Hapo bado watu wengi walinyamaza, kwa kuwa timu ilikuwa inashinda, na timu inayoshinda haina mkosoaji.

Mechi ya tano ilikuwa Boston, Aprili 26. Bergeron alirudi. Matokeo yalikuwa 3-3 na sekunde za mwisho zikiyoyoma, Brad Marchand wa Boston akachomoka peke yake kuelekea goli la Florida. Akipata, pambano limekwisha. Kipa Sergei Bobrovsky akamzuia. Zikaja dakika za nyongeza, ambazo katika mchujo bao la kwanza ndilo linamaliza mechi. Ullmark akatoka kwenda nyuma ya goli lake kukichukua kisahani, akashindwa kukiondoa salama, Florida wakakinasa, na Matthew Tkachuk akafunga huku lango likiwa halina mwenyewe. Likawa 4-3.

Sasa wasikilizaji, hapa ndipo kelele zilipopanda. Kulikuwa na habari kwamba Ullmark alikuwa akicheza na maumivu. Swayman alikuwa ameketi benchi, mzima na mwenye hamu. Katika msimu wa kawaida, siku kama hii, zamu ingeweza kuwa yake. Mashabiki waliomba apangwe mechi ya sita. Kocha akampanga Ullmark tena. Usiku ule Florida, Boston waliongoza 5-4 katika kipindi cha tatu, wakamaliza wamefungwa 7-5. Sita kati ya hayo yalimpita Ullmark, la saba liliingia goli likiwa tupu.

Ndipo, Aprili 30, mechi ya saba, Montgomery akamwanzisha Swayman. Kijana ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja ya mchujo ule alikabidhiwa lango siku ambayo kosa halina kesho yake. Nasema kwa haki kabisa, hakucheza vibaya. Boston walitoka nyuma 2-0 wakasawazisha, kisha David Pastrnak akawapa uongozi wa 3-2. Imebaki dakika moja hivi, Florida wakamtoa kipa wao ili kuongeza mshambuliaji mmoja zaidi, na Brandon Montour akasawazisha. Dakika za nyongeza, Carter Verhaeghe wa Florida akafunga la nne. Timu bora kuliko zote zilizowahi kucheza msimu wa kawaida ilitolewa raundi ya kwanza, nyumbani kwake, mbele ya watu zaidi ya 17,000. Mechi ile ikawa ya mwisho katika maisha ya Bergeron ya uchezaji, kwani alistaafu Julai mwaka huo huo.

Sasa tumpe kocha nafasi yake, maana hukumu ya upande mmoja si hukumu. Utetezi wa Montgomery una nguvu. Kwanza, Ullmark alikuwa kipa bora wa ligi nzima, na kumwanzisha kipa bora wa ligi hakuhitaji maelezo. Pili, karibu makocha wote wa hoki huchagua kipa mmoja mchujo unapofika, na Montgomery alifuata desturi ya fani yake. Tatu, alikuwa mbele tatu kwa moja, na kocha anayebadili kikosi kinachoshinda kisha akafungwa husulubiwa zaidi ya yule asiyebadili. Nne, bao la Tkachuk lilitokana na kosa la sekunde mbili, na mtu mzima hahukumiwi kwa sekunde mbili. Hoja zote nne nazikubali. Nazikubali, lakini zinafika hadi mechi ya tano tu. Hazifiki ya sita.

Kinachonifanya niseme mashabiki walikuwa na haki ni kwamba hawakumdai kocha wao jambo la ajabu. Walimdai afuate utaratibu wake mwenyewe. Hakuna shabiki aliyebuni wazo la makipa wawili. Alilitumia yeye mwenyewe na benchi lake la ufundi, likawapa ushindi mara 65. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja kikaondolewa, kikakumbukwa siku moto ulipokuwa unazimika. Kama Swayman alifaa kucheza mechi ya saba, yenye shinikizo kubwa kuliko zote, basi alifaa zaidi mechi ya sita, ambayo hata ukipoteza bado una nyingine. Hapo sijaona jibu.

Tazama na upande wa pili. Kocha wa Florida, Paul Maurice, alianza pambano na Alex Lyon, kipa aliyewavusha wiki za mwisho za msimu hadi wakaingia mchujo. Bobrovsky, aliyekuwa akilipwa dola milioni 10 kwa mwaka, alikuwa benchi. Mechi ya tatu ilipomwendea Lyon vibaya, Maurice alimtoa akamwingiza Bobrovsky. Mechi ya nne Bobrovsky akafungwa, na timu ikalala 6-2. Maurice hakumrudisha Lyon. Alimwacha Bobrovsky, na katika mechi ya tano akaokoa mashuti 44, likiwemo lile la Marchand.

Utaona basi kwamba Maurice naye aling'ang'ania kipa aliyefungwa. Kwa nini yeye nimsifu na Montgomery nimlaumu? Je, ni kwa sababu tu mmoja alishinda? Shabiki mwaminifu lazima ajiulize hivyo. Jibu langu ni kwamba Maurice alibadilisha mapema, mfululizo ukiwa bado una nafasi ya kosa, na alipobadilisha alimpa kipa wake mechi za kupata moto. Mwenzake alisubiri mpaka nafasi zote zikaisha, kisha akabadilisha mara moja. Hata kama Verhaeghe angegonga mwamba na Boston wakapita, uamuzi wa mechi ya sita ungebaki na kasoro ile ile.

Kosa la kinyume nalo lipo, na mashabiki wa Toronto wanalijua. Mwaka 2019, Toronto Maple Leafs walikuwa wakiwaongoza Boston hao hao mechi tatu kwa mbili. Walipoteza ya sita nyumbani, na Aprili 23 wakaenda kucheza ya saba Boston. Auston Matthews, mfungaji wao mkubwa, alikuwa ameshafunga mabao matano katika pambano lile. Toronto walikuwa nyuma tangu kipindi cha kwanza, na bado kocha Mike Babcock aliendelea kuzungusha safu zake kana kwamba ni mechi ya katikati ya Novemba. Mechi ilipokwisha kwa 5-1, Matthews alikuwa amecheza chini ya dakika 20 kati ya 60. Jiji zima lilikuwa linauliza: tunamhifadhi kwa ajili ya siku gani? Babcock alikuwa kocha mwenye Kombe la Stanley la mwaka 2008 na medali mbili za dhahabu za Olimpiki akiwa na Kanada. Sifa hizo hazikumnyamazisha shabiki, wala hazikupaswa kumnyamazisha. Alifukuzwa Novemba mwaka huo.

Kocha mmoja aliacha utaratibu uliostahili kushikwa, mwingine akashika utaratibu uliostahili kuachwa. Ugonjwa wao ni mmoja: wote wawili hawakuijibu mechi iliyokuwa mbele yao. Na hicho ndicho kipimo ninachowapa leo. Tusimpime kocha wa mchujo kwa kubadilisha au kutobadilisha. Tumpime kwa swali moja: ameona kinachotokea, na amefanya nini kabla ya kuchelewa?

Montgomery mwenyewe alionyesha kwamba kipimo hiki si cha kumwonea mtu. Mwaka 2024 Boston walikutana na Toronto raundi ya kwanza. Alianza na Swayman mechi ya kwanza, akamweka Ullmark ya pili, akamrudisha Swayman ya tatu, na alipoona anavyocheza akamwachia lango hadi mwisho. Upande wa Toronto, kocha Sheldon Keefe alimtumia Ilya Samsonov mechi nne za kwanza, kisha Joseph Woll, na Woll akashinda mbili mfululizo. Siku ya mechi ya saba Woll akawa majeruhi na Samsonov akarudi. Boston walishinda 2-1, bao la Pastrnak dakika za nyongeza. Siku tano baadaye Keefe hakuwa na kazi. Toronto walikuwa wamefunga bao moja tu katika nafasi 21 walizopata za kucheza wakiwa wengi zaidi ya mpinzani, na hilo ni jambo la kocha kulijibu. Ila kuumia kwa Woll si kosa la kocha yeyote, na shabiki aliyemlaumu Keefe kwa kumwanzisha Samsonov usiku ule alimdhulumu.

Hapo ndipo naiona mipaka ya hasira. Mara nyingi shabiki hajui yote anayoyajua kocha. Klabu za NHL zina desturi ya kuficha majeraha wakati wa mchujo. Utaambiwa tu kwamba mchezaji ana jeraha la sehemu ya juu ya mwili, au ya chini, basi. Wanafanya hivyo ili mpinzani asijue pa kugonga, na sababu hiyo naielewa. Lakini gharama yake ni kwamba shabiki anabaki kukisia, na uvumi unajaza pengo. Klabu ikishatolewa, haina tena mpinzani wa kumficha siri. Wakati huo kocha akae mbele ya watu aeleze: nilimpanga fulani kwa sababu hii, nilimwacha fulani kwa sababu ile. Watu wanaolipa tiketi za gharama kubwa na kukesha na timu yao wanastahili maelezo hayo, hata kama hawatayapenda.

Mpaka mwingine ni adabu. Mei 2025, Toronto walifungwa na Florida 6-1 katika mechi ya saba, nyumbani, na mashabiki wakarusha jezi barafuni. Uchungu wao naujua, kwani kombe la mwisho la Toronto ni la mwaka 1967. Zomea, ondoka kabla ya mechi kuisha, usinunue tiketi msimu ujao. Hizo ni haki zako. Kurusha vitu palipo na watu wanaoteleza kwa kasi ni hatari, na kumtukana kocha pamoja na mke na watoto wake ni uovu. Kocha ameajiriwa kupanga timu, na alaumiwe kwa kupanga timu.

Wasikilizaji wangu, Montgomery alifukuzwa Boston Novemba 2024, na siku chache baadaye akapata kazi St. Louis. Ullmark alikuwa ameshahamishiwa Ottawa. Bobrovsky aliyewekwa benchi Aprili ile ana makombe mawili ya Stanley, ya 2024 na 2025, na katika lile la pili alikuwa na mwenzake mpya, Brad Marchand, yule yule aliyenyimwa bao na Bobrovsky katika mechi ya tano. Mambo yote haya hayawezi kumrudishia shabiki wa Boston mechi ya sita ya Aprili 28. Aliona mapema, alisema mapema, na hakusikilizwa.

Neno langu la mwisho ni kwako, shabiki wa mchezo wowote. Kabla mechi haijaanza, sema ungempanga nani, na kwa sababu gani. Ukiwa umesema mapema, lawama yako baada ya mechi ina uzito, na kocha yeyote mwenye busara anapaswa kuisikiliza. Kama ulinyamaza hadi matokeo yakatoka, basi msikilize kwanza kocha ndipo useme.